Hati ya mashtaka ina makosa ya kuandika, jina, kata, mpaka tarehe. Kesi inafutika au tunajidanganya?

Msafiri_Kusini

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua sheria au waliowahi kupita huko, maana hapa nyumbani kila mtu keshakuwa hakimu.

Mdogo wangu ana kesi mahakama ya wilaya, wilaya siitaji ila ni huku huku kwetu Mtwara kwenye korosho. Anashtakiwa kuvunja ghala na kuiba magunia nane ya korosho ghafi msimu uliopita. Yuko nje kwa dhamana. Sasa juzi nimeishika hati ya mashtaka, imeandikwa kwa kiingereza, nikamtafuta mwalimu mmoja wa sekondari tukakaa nayo barazani tukaisoma mstari kwa mstari, tukakuta madudu. Jina la baba yetu ni Selemani wao wameandika Seremani (najua kwetu R na L ni ndugu wa tumbo moja ila kwenye karatasi ya serikali??). Kata zetu ziko mbili zenye jina moja, zimetofautishwa kwa I na II, ghala liko I wao wameandika II. Halafu hati inasema tukio ni usiku wa tarehe 14 Novemba, lakini wiki iliyopita shahidi wa kwanza ambaye ni mlinzi wa ghala kasimama kasema kwa mdomo wake "tarehe 24 mwezi wa kumi na moja", nilikuwa benchi la nyuma nimesikia kabisa. Na samansi ya kwanza aliyoletewa namba ya kesi mwaka wake umekosewa.

Kijiweni kwenye kahawa kuna mzee kasema kesi imekufa hiyo, eti serikali ikikosea hata herufi moja imeshindwa. Mama kasikia, keshaanza kuangalia kuku wa kuchinja. Mimi nina wasiwasi. Ni kweli? Na kama ni kweli tunasema lini, siku ile ile kesi ikirudi au tusubiri mwisho? Wakili hatuna.

Mchuuzi_wa_Mingoko

Nimekaa hapa na ming'oko yangu nasubiri wenye sheria zao. Ila huyo kuku muacheni kwanza atage.

Bi_Shangani

Kaka yangu pole sana. Mimi sio mwanasheria ila nikuambie yaliyompata mjomba wangu ndio utajua karatasi ya mahakama ikoje.

Mjomba alikuwa na kesi, miaka imepita sasa. Hati ilikuwa imekosewa vibaya, hata aliyeibiwa hakutajwa vizuri. Siku ya siku mwendesha mashtaka akasimama akaomba kuiondoa hati, hakimu akasema mshtakiwa uko huru. Jamani tulipiga vigelegele mle ndani mpaka askari akatufokea. Shangazi akatangulia nje kuita bodaboda. Mjomba kutoka mlangoni, hata kandambili hajazivaa sawasawa, askari wawili wanamsubiri: twende. Kituoni, kesho yake karudishwa pale pale kwa hati mpya iliyonyooka, namba mpya, na safari hii dhamana ikasumbua zaidi maana wadhamini wa mwanzo walishachoka. Yaani kule "kushinda" kwetu kulituongezea miezi mingine ya nauli.

Kwaio kuachiwa kuna namna mbili, kuna kuachiwa kesi imeisha na kuna kuachiwa karatasi imeenda kushonwa. Ulizeni kwanza ni ipi kabla ya vigelegele.

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi masijala ya mahakama miaka mingi, sasa napumzika na mikorosho yangu. Ngoja niseme makosa haya yanazaliwaje, labda itakusaidia kupunguza presha.

Hati ya mashtaka haiandikwi na karani wa mahakama, hilo watu wengi hawalijui. Inaandaliwa upande wa mashtaka, zamani polisi, sasa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mahakamani inapokelewa, inasajiliwa, inapewa namba, jalada linafunguliwa. Na anayechapa mara nyingi haanzi na karatasi nyeupe, anafungua hati ya kesi ya juzi inayofanana, anafuta majina anaandika mapya. Hiyo kata II nakuhakikishia kwa asilimia kubwa imetoka kwenye kesi ya mtu mwingine kabisa, imesahaulika kufutwa. Nimeona hati ya mwizi wa ng'ombe imebaki na neno "pikipiki" kwenye mstari wa mwisho, mahakama nzima ikacheka, hakimu akaiagiza irekebishwe, ikasomwa upya, kesi ikaendelea kama kawaida.

Samansi sasa ndio yetu sisi. Mwaka kukosewa kwenye namba, hasa Januari na Februari, mkono wa karani bado umezoea mwaka wa zamani. Kesi haifi kwa hilo. Kazi ya samansi ni kukuita, ukishafika ukasimama mbele ya hakimu imemaliza kazi yake.

Ila msidharau makosa madogo moja kwa moja. Madogo yanayouma ni ya tarehe ya KURUDI. Niliwahi kumwona kijana kwenye karatasi yake imeandikwa arudi tarehe 27, kwenye jalada hakimu ameandika 17. Tarehe 17 akaitwa mara tatu mlangoni hayupo, hati ya kukamatwa ikatoka, mdhamini wake akaitwa ajieleze, mtu mzima mwenye shamba lake anahangaika kwa sababu ya moja na mbili. Yule kijana alipona kwa sababu karatasi alikuwa ameitunza, akaionyesha. Nyingine ni jina kwenye amri ya kumtoa mtu gerezani, pale Lilungu askari magereza akiona jina la kwenye amri halifanani na la kwenye kitabu chake hamtoi, anarudisha karatasi, na ikiwa ni Ijumaa saa tisa alasiri basi mtu wako analala huko mpaka Jumatatu. Hayo ndio makosa ya kuandika ya kuogopa. Kila mkitoka mahakamani simama hapo hapo kaunta soma tarehe, soma jina, usione haya.

Kangomba_Mstaarabu

Mnamtisha bure jamaa. Hiyo tarehe ni dhahabu. Hati 14 shahidi 24, Mahakama ya Rufani imeshasema mara kibao kwamba ushahidi usipofanana na hati na hati isiporekebishwa basi shtaka halijathibitishwa, mtu anatoka mzima mzima. Ushauri wangu NYAMAZENI KIMYA. Mkisema leo wanarekebisha leo. Waacheni wafunge ushahidi wao halafu ndio mnaliibua. Nina shemeji yangu alitoka hivyo hivyo kwenye rufaa.

Wakili_wa_Ligula

Kangomba umesema kitu cha kweli ila nusu, na nusu ya kweli mahakamani inafunga watu.

Msafiri, nikutenganishie hayo madudu yako manne maana si ya aina moja.

Herufi ya Seremani. Haifi kesi kwa hilo. Swali ni moja tu, aliyesimama pale ndiye anayeshtakiwa? Akiitwa anaitika? Alipoulizwa jina siku ya kwanza alijibu? Basi. Kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kuna kile kifungu ambacho wengi tumekizoea kwa namba 388, kinasema hukumu au amri haitatenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ya kosa au upungufu kwenye hati, samansi, hati ya kukamata na kadhalika, isipokuwa kosa hilo limesababisha haki isitendeke. (Namba nazitaja za toleo la zamani, toleo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025 limesogeza namba nyingi, kwaio usije ukaenda kumsomea hakimu namba niliyoandika mimi huku.) Na Katiba yenyewe ibara ya 107A inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mzee wako wa kahawa anazungumzia mahakama ya kwenye tamthilia.

Mfano uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilipokaa Mtwara iliamua rufaa ambayo hati yake ilikuwa imekosewa vifungu vya sheria, hilo ni zito kuliko herufi ya baba yako. Majaji wakasema maelezo ya kosa yalikuwa wazi, tarehe ipo, kijiji kipo, jina la mlalamikaji na umri wake upo, mshtakiwa alielewa anajibu nini, kwaio dosari inatibika. Tangu hapo uamuzi ule unanukuliwa nchi nzima.

Lakini kinyume chake kipo pia. Mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilikuwa na hati ya jaribio la kubaka ambayo haikutaja kitisho, na kitisho kilikuwa kiungo cha kosa lenyewe. Hapo wakasema hapana, mtu huyu hakupata kesi ya haki maana hakuambiwa anachoshtakiwa. Yaani kipimo si ukubwa wa kosa la kuandika, ni je mtu alijua anajitetea dhidi ya nini.

Kata I na II iko katikati. Kama ghala linajulikana, ni moja, kila shahidi analitaja kwa jina la chama chake cha ushirika, upande wa mashtaka wataomba kurekebisha na hakimu ataruhusu, sheria inaruhusu hatua yoyote ya usikilizwaji. Hati ikirekebishwa mdogo wako ana haki ya kusomewa upya na kujibu upya, na anaweza kuomba mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena awaulize. Hiyo haki ya mwisho ndio watu wasio na wakili wanaipoteza kwa kutojua, anasomewa hati mpya, anasema "si kweli", anakaa, imeisha.

Sasa tarehe, na hapa Kangomba nisikilize. Hilo si kosa la kuandika! Hati imesema 14. Shahidi kasema 24. Karatasi haijakosea, aliyekosea ni mdomo wa mtu, au karatasi ndio imekosea na mdomo uko sawa, bado hatujui. Ni kweli yako maamuzi yanayosema tarehe ikitofautiana na hati isirekebishwe shtaka linabaki bila uthibitisho. Lakini sheria hiyo hiyo inasema pia tofauti ya muda peke yake si kitu kikubwa na hati si lazima irekebishwe. Mahakama inaangalia tofauti ile imemyumbisha mshtakiwa au la. Nani alikuambia hakimu wa kesi hii atachukua mkono upi? Na ukikaa kimya mpaka rufaa, jaji anaweza kukuuliza ulikuwa wapi siku zote usiseme.

Halafu hata ukishinda kwenye rufaa kwa dosari ya mwenendo, amri inayotoka inaweza kuwa kesi isikilizwe upya. Kuna kesi ya mwaka 1966 ya iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ambayo mawakili wote tunaikariri, inasema kesi ya kwanza ikiwa na kasoro unaweza kuamuru isikilizwe upya, ila isiwe njia ya kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu yao. Sasa hesabu mwenyewe, shemeji wa Kangomba alikaa ndani muda gani akisubiri hiyo rufaa?

Kangomba_Mstaarabu

Miaka mitatu na kidogo. Sawa mkuu nimekuelewa. Ila alitoka.

Karani_Mstaafu

Msafiri naomba unijibu kitu kimoja, usiruke. Mdogo wako alikamatwa LINI?

Msafiri_Kusini

Asanteni sana wakuu, hata sikujua kuna yote haya. Karani, alikamatwa tarehe 18 Novemba asubuhi, walimkuta shambani anaokota, akalala kituoni mpaka 20 ndio tukamtoa kwa dhamana ya polisi, karatasi ya dhamana ninayo hapa mkononi ina muhuri.

Karani_Mstaafu

Nilijua. Sasa mlinzi anasema aliona wizi tarehe 24 na aliyeiba alikamatwa tarehe 18. Yaani askari walimkamata mtu siku sita kabla hajaiba. Hapo hakuna kesi ya kufa kwa herufi, mlinzi aliteleza ulimi tu, au wakati hakimu anaandika na mlinzi anaongea huku feni linapiga kelele wewe ukasikia ishirini na nne badala ya kumi na nne. Hakimu akilinganisha na taarifa ilivyoandikwa kituoni, ile ya RB, ataona yenyewe. Nendeni masijala mkaulize kwa heshima utaratibu wa kuona mwenendo, yaani yale hakimu aliyoyaandika shahidi akiongea, msikimbilie kusema mmesikia.

Mchuuzi_wa_Mingoko

Kukamatwa kabla ya kuiba, hiyo polisi ya mbinguni.

Wakili_wa_Ligula

Karani kanitangulia, hilo ndilo swali lenyewe. Ila kuteleza ulimi nako si bure. Ni swali zuri sana la kumuuliza shahidi: "ulisema 24, mimi kwa wizi huu huu nilikamatwa tangu 18, uliniona vipi nikiiba 24?" Akijibu "nilichanganya", swali linalofuata ni kama alichanganya tarehe hakuchanganya na sura? Usiku ule kulikuwa na taa? Alikuwa umbali gani? Mdogo wako alimuuliza nini mlinzi?

Msafiri_Kusini

Hakuuliza kitu mkuu. Hakimu alimwambia "mshtakiwa una swali kwa shahidi" akasema sina. Baadaye nikamuuliza mbona hukuuliza akasema aliogopa akiuliza ataonekana mbishi na ataongezewa kifungo.

Ila hata hivyo hiyo tarehe 14 yenyewe inatuchanganya maana mdogo wangu siku ile hakuwepo kabisa huku. Alikuwa Nachingwea kwenye arobaini ya mama mdogo, mimi mwenyewe ndio nilimpandisha gari la Masasi tarehe 13 asubuhi, amerudi 16. Ndio maana tuliposikia 24 tukaona afadhali, tukajua hapo ndio pa kushikia.

Wakili_wa_Ligula

Mkuu.

Una mtu aliyekuwa Nachingwea usiku wa wizi na umekaa siku zote unatupigia hadithi ya R na L?

Samahani kwa ukali ila soma hii mara mbili. Utetezi wa kwamba sikuwepo eneo la tukio una utaratibu wake. Mshtakiwa anatakiwa kutoa taarifa kwa mahakama na upande wa mashtaka KABLA kesi haijaanza kusikilizwa, hiyo mmeshachelewa kwa sababu mlinzi ameshatoa ushahidi. Lakini mlango wa pili bado uko wazi: kama hakutoa taarifa mapema, anatakiwa atoe maelezo ya utetezi huo kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wao. Alikuwa wapi, kwa nani, na nani. Wakishafunga na yeye akaja kusema Nachingwea siku ya kujitetea, hakimu anaruhusiwa kisheria asiupe uzito hata kidogo, hata kama arobaini ilikuwa ya watu mia mbili. Kwenye namba za zamani ni kifungu cha 194.

Wamebaki mashahidi wangapi?

Msafiri_Kusini

Kwa alivyosema mwendesha mashtaka wamebaki wawili, katibu wa chama na askari mpelelezi. Kesi inarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Mikono inanitetemeka kuandika, sikujua hili. Hakuna aliyetuambia.

Wakili_wa_Ligula

Basi muda upo ila si wa kuchezea. Wanaweza kuwaleta wote wawili Alhamisi hiyo hiyo na kufunga. Kwaio Alhamisi, kabla shahidi hajaitwa, mdogo wako anyooshe mkono, asimame, aseme kwa kiswahili cha kawaida tu, hakuna haja ya kiingereza, tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kiswahili ndio lugha ya mahakama: "Mheshimiwa naomba kutoa taarifa kwamba kwenye utetezi wangu nitasema tarehe 14 sikuwepo, nilikuwa Nachingwea." Halafu atoe na karatasi iliyoandikwa, nakala moja ya mahakama moja ya mwendesha mashtaka, mtaa gani, nyumba ya nani, alifika lini akaondoka lini, majina ya watakaokuja kusema. Nakala ya tatu agongewe muhuri abaki nayo. Na hapo hapo aombe mlinzi aitwe tena aulizwe maswali, aseme siku ile hakuelewa. Hakimu ana mamlaka ya kumrudisha shahidi. Kutouliza swali kwenye jambo kubwa mahakama huwa inachukulia kama umekubali, kwaio msiache hivyo.

Wakili mkipata ni bora kuliko mimi huku. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, kusimama mahakamani kwa niaba yenu hawaruhusiwi ila kuandika hiyo taarifa ikanyooka watawasaidia na wanajua kukuunganisha na wakili wa kujitolea. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri.

Bi_Shangani

Na mashahidi wa Nachingwea usilete ndugu watupu kaka. Shangazi na binamu watasema ndio ndio, mwendesha mashtaka atawauliza "wewe ni nani wake" basi imeisha. Tafuta aliyesomesha arobaini, au mwenyekiti wa kitongoji, au yule mwenye kukodisha viti na turubai, watu wasio na faida yoyote. Na daftari la rambirambi kama lilikuwepo lichukue, kwenye misiba ya huku hata mia tano huwa inaandikwa na jina la mtoaji.

Karani_Mstaafu

Bi Shangani ungekuwa wakili ungetajirika. Daftari la rambirambi msilichane ukurasa, lije daftari zima.

Na ile karatasi ya dhamana ya polisi itunze kama cheti cha ndoa. Toa kopi.

Mchuuzi_wa_Mingoko

Alinunua kitu huko? Alitoa hela kwa wakala? Meseji ya muamala ina tarehe na saa mpaka dakika, haiwezi kuteleza ulimi.

Msafiri_Kusini

Mungu awabariki. Mama nimemweleza, kakaa kimya muda mrefu halafu akauliza "sasa yule mzee wa kahawa?" sikuwa na jibu.

Mchuuzi umenikumbusha, kweli alitoa hela kwa wakala kule, alinunua mchele wa shughuli. Naenda kupekua simu usiku huu. Kesho asubuhi napanda gari Nachingwea.

Msafiri_Kusini

Wakuu narudi na mrejesho. Jana Alhamisi tumeenda. Katibu wa chama hakufika, alikuwepo askari peke yake. Kabla hajaitwa mdogo wangu akanyoosha mkono, sauti inatetemeka lakini akasema yote, karatasi akaitoa, hakimu akaisoma akaandika muda mrefu. Mwendesha mashtaka hakupinga ila na yeye akasimama akaomba kurekebisha hati, kata isomeke I na jina la baba lisomeke Selemani. Yaani yale tuliyoyaona sisi siri kubwa ameyasahihisha kwa dakika mbili kama mtu anayefuta ubao. Ikasomwa upya, akajibu si kweli. Mlinzi ataitwa tena. Imeahirishwa mwezi ujao, tarehe nimeisoma kaunta mara tatu, Karani umenifundisha.

Nachingwea nimempata mwalimu wa madrasa aliyesomesha, na mwenye turubai ana kitabu chake cha risiti ameandika nani alisaidia kupakua vyuma usiku, jina la mdogo wangu lipo. Limeandikwa Seremani.

Sasa shida nyingine. Meseji ya wakala nimeikuta, tarehe 14 saa mbili na dakika kumi na moja usiku. Ila laini imesajiliwa kwa jina la mke wake, yeye kitambulisho cha NIDA kilikuwa hakijatoka wakati ule. Mwendesha mashtaka si atasema aliyekuwa Nachingwea ni mke?

Wakili_wa_Ligula

Atasema, na ana haki ya kusema. Mke wake alikuwa wapi usiku huo?

Msafiri_Kusini

Alikuwa hapa nyumbani mkuu, alikuwa na ujauzito wa miezi nane, alienda kliniki tarehe 15 asubuhi zahanati ya kijiji. Kadi ya kliniki ipo.

Wakili_wa_Ligula

Lete na kadi. Na uisome tarehe yake vizuri kabla hujaifungia kwenye bahasha.